Hamsini Mbele, Arobaini na Tano Nyuma

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana ya Ebenyo hakina dirisha. Kina mlango wa bati, rundo la tairi zilizokufa na karai la maji ya kutafutia panchari. Wanaume wanne walikaa juu ya tairi. Nje, Lodwar ilichemka. Ilikuwa Februari 2013, wiki mbili kabla ya uchaguzi, na magari ya kampeni yalipita yakiahidi maji kwa vipaza sauti. Hakuna aliyeinua kichwa. Maji hayo yalishaahidiwa tangu Ebenyo hajaota ndevu.

Lomunokol alichora mstari sakafuni kwa chaki.

"Hapa Kakuma. Hapa Lodwar. Kilomita mia moja na ishirini. Sisi tunataka arobaini na tano tu."

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mrefu, shati limepigwa pasi. Miaka kumi aliendesha magari ya serikali kwenye yadi ya Lodwar, halafu akaacha kazi, au akaachishwa. Alisimulia yote mawili, kulingana na anayesikiliza.

"Alhamisi saa saba Gitau anafunga duka Kakuma. Dhahabu ya wiki mbili anaweka kwa kopo la maziwa ya mtoto. Kopo anaweka kwa kiti, anapeleka uwanja wa ndege. Askari ni mmoja. Wengine wote wako kwa mikutano ya siasa. Tunachukua kopo, tunakimbia mpaka kilima chekundu. Nyuma ya kilima ndugu yangu ameacha Landkruza, ameitoa Kaikor. Tunabadilisha gari, tunaingia njia ya ng'ombe. Nani atatufuata Kaikor?"

"Na hiyo arobaini na tano tunakimbia na nini?" Nabei aliuliza. "Na miguu?"

Nabei alikuwa homgadi. Serikali ilimpa bunduki alinde mbuzi za watu. Mshahara ilisahau.

Lomunokol alisukuma mlango kwa kidole. Chini ya turubai ilikaa Subaru ya buluu, ya mashindano, yenye pua juu ya boneti. Ilikuwa ya mtoto wa kontrakta mmoja wa Kitale, ambaye bado alikuwa anaitafuta.

Dereva Riek alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, mkimbizi wa kambi ya Kakuma. Kwao aliendesha makanali, na makanali hawapendi kuchelewa. "Hii si gari," alisema. "Hii ni ndege."

"Ndege imekufa miguu miwili," Ebenyo alisema.

Wote walimgeukia. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache tangu Desemba ya mwaka juzi. Tairi mbili za mbele zilipasuka njiani kutoka Kitale. Moja ilikuwa mapajani mwake. Aliigeuza mpaka maandishi yakaonekana.

*Soma*, Akoru alimwambia.

Hakuna mwingine aliyesikia. Akoru, mkewe, alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Ebenyo hakumaliza hata la tatu. Ni yeye aliyemkalisha jioni baada ya jioni kwenye chumba hiki hiki, kidole chake juu ya raba, mpaka tairi zikaanza kuongea.

"Mia mbili kumi na tano, arobaini na tano, kumi na saba," Ebenyo alisoma. "Ya kwanza ni upana, milimita. Ya mwisho ni rimu, inchi. Hii ya katikati ndiyo inatuua. Kimo cha ukuta. Arobaini na tano katika kila mia ya upana. Vidole vitano tu vya raba kati ya rimu na jiwe. Hii ni tairi ya lami. Na lami ya Kakuma mnaijua."

"Ililiwa," Nabei alisema.

"Weka rimu ndogo basi, na tairi nene," Lomunokol alisema.

"Rimu ndogo inakataa. Breki ya mbele ni kubwa, itagusa. Tunabaki na rimu zake."

"Weka tairi ndefu kabisa."

"Juu ya tairi kuna sahani ya springi. Ukizidisha urefu, tairi inakula sahani, sahani inakula tairi." Ebenyo alipima hewani kwa vidole. "Hamsini. Upana ule ule, rimu ile ile, kimo hamsini. Ukuta unanenepa, gari inainuka sentimita moja, jiwe linagonga raba kabla ligonge rimu. Saa ya spidi itadanganya kidogo. Ikisema mia, uko mia na tatu."

"Mimi huwa siangalii saa," Riek alisema.

"Makanali walikuwa wanakusomea?"

"Makanali walikuwa wanafumba macho, fundi."

Nabei alicheka puani. Ebenyo hakucheka.

"Lakini lazima nne. Zote hamsini. Hii gari inavuta na miguu yote, na katikati iko na difu ya kugawa nguvu. Mbele ikiwa ndefu na nyuma fupi, nyuma inazunguka haraka kuliko mbele. Difu ya katikati inapigana na yenyewe. Inachemka. Mwisho inashika, na gari inasimama kama punda."

"Baada ya kilomita ngapi?" Lomunokol aliuliza.

"Kwa jua hili, na huyu akiwa anaendesha? Hamsini. Sitini ukiwa na bahati."

Ebenyo aliangalia ile chaki. Mstari ulipita kilima ukaendelea. Kilomita sitini na tatu kutoka Kakuma kulikuwa na mto mkavu, laga ya mawe meusi. Lomunokol hakuichora. Haikuwa kwenye mpango.

Wenzake walipotoka, Lomunokol alibaki. Aliweka mkono begani mwa fundi.

"Unajua kwa nini nilikuita wewe."

"Niambie tena."

"Hiyo dhahabu si ya Gitau. Gitau ni mkono tu. Ni ya mkubwa wa usafiri pale yadi. Yule aliyekula tairi za ambulensi. Tunamwibia mtu aliyekuulia bibi."

Hicho ndicho Ebenyo alichokuwa anataka. Hakutaka kingine chochote duniani.

JUMATATU, SAA TANO ASUBUHI

Alibaki peke yake na chuma chake cha kuchomea alama.

Kilikuwa chuma kidogo, ncha imepindwa nusu duara na mikato miwili. Emachar, alama ya ngamia za baba yake. Ngamia waliisha kwa ukame, chuma kikabaki. Kila tairi aliyoifunga Ebenyo aliichoma alama hiyo ukutani, upande wa ndani unaotazama chini ya gari. Mwizi haangalii huko. Mafundi wengine walimcheka, eti anachunga tairi.

Desemba 2011 alifunga tairi nne mpya kwenye ambulensi ya Lodwar. Saba hamsini kumi na sita, raba nene, za mawe. Alizichoma zote nne. Akoru alimsomea tarehe ya kila moja, tumbo lake la miezi minane likigusa fenda.

Siku kumi baadaye Akoru alikuwa kwa mama yake Kakuma, mimba ikageuka vibaya. Ambulensi ilimchukua. Ikapasuka tairi kwenye laga ya mawe meusi, na tairi ya akiba ilikuwa imepasuka kabla yake. Saa sita walikaa pale. Ebenyo alipofika na pikipiki ya kukopa, mtoto alikuwa ameshafariki, na mama yake alikuwa njiani kumfuata.

Baada ya hapo alilala chini ya lile gari akamulika tochi. Tairi zote nne zilikuwa vipara. Hakuna hata moja iliyokuwa na alama.

Alikwenda ofisini. Wakamwambia alete barua. Alileta barua, wakamwambia alete nakala. Alileta nakala, wakamwambia faili imepotea. Aliyemwambia alikuwa anakunywa soda.

JUMATANO, SAA NANE MCHANA

Soko la kambi ya Kakuma lina kila kitu isipokuwa kile unachotafuta. Ebenyo na Riek walitembea duka kwa duka. Tairi za malori. Tairi za baiskeli. Tairi zilizokatwa viatu.

Mfanyabiashara mmoja Mkongomani aliwatolea mbili, bado na nywele za kiwandani.

*Mia mbili kumi na tano, hamsini, kumi na saba*, Akoru alisoma.

"Ziko ngapi, papa?" Ebenyo aliuliza.

"Iko mbili tu. Zingine bado kufika. Lakini niko na hizi."

Alivuta mbili nyingine kutoka chini ya magunia. Mia mbili ishirini na tano, arobaini na tano, kumi na saba. Ebenyo alichuchumaa. Pana zaidi, kwa hiyo arobaini na tano yake ilikuwa ndefu kidogo kuliko ile ya zamani. Ilikaribia hamsini bila kuifikia. Ingeweza kufaa nyuma. Alipapasa ukutani akitafuta tarakimu nne za tarehe.

*Sufuri sita, sufuri nne*, Akoru alisema. *Wiki ya sita, mwaka wa 2004.*

Aliukunja ukuta kwa magoti. Nyufa zilifunguka kama kisigino cha mchungaji.

"Hizi zilizaliwa kabla hujaoa," alimwambia Mkongomani.

"Mimi nilioa mapema, papa."

"Basi mpe bibi yako apandie maua."

Alinunua zile mbili za hamsini. Nyuma zingebaki zile arobaini na tano za gari lenyewe, ambazo zilikuwa bado na nyama. Alimpigia Lomunokol simu.

"Nimepata mbili. Mbele hamsini, nyuma arobaini na tano."

"Itatembea?"

"Hamsini. Usinidai hata moja juu yake."

"Tunataka arobaini na tano, fundi. Funga."

Alizifunga nyuma ya banda la binamu wa Riek, ambako Subaru ilikuwa imeletwa juu ya lori chini ya turubai. Alizichoma alama. Riek alimwangalia moshi ukipanda.

"Gari ya kutupa kesho, na bado unachoma?"

"Ni kazi yangu."

"Unaongea na nani ukifanya kazi? Tangu asubuhi nasikia unajibu mtu."

Ebenyo alikaza nati ya mwisho. "Naye anafanya kazi," alisema.



ALHAMISI, SAA SABA NA DAKIKA KUMI MCHANA

Jua lilikuwa wima. Mbwa wa Kakuma walilala kwenye vivuli vya nguzo.

Pikapu nyeupe ya Gitau ilitoka nyuma ya duka. Riek aliizibia njia kwa Subaru kama mtu anayefunga mlango. Nabei alikuwa ameshashuka, mdomo wa bunduki dirishani, upande wa askari.

"Ejok, ndugu," alimsalimia askari kwa upole. "Weka hiyo chini ya kiti. Wote wawili hatulipwi vizuri."

Askari aliiweka chini.

Lomunokol alifungua mlango wa Gitau, uso umefungwa shuka. "Kopo."

Gitau alikuwa mzee wa miwani. Alilitoa kopo bila haraka, akampa. Kisha akasema, "Hiyo sauti naijua. Wewe ni dereva wa yadi."

Lomunokol alimpiga na kitako cha bastola. Miwani iliruka. Akainua bastola tena, safari hii mdomo mbele.

"Wacha," Ebenyo alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Amenijua."

"Hatukukuja kwa ajili yake. Ulisema ni mkono tu."

Sekunde mbili. Lomunokol alirudi ndani, kopo kifuani.

"Yalla," Riek alisema, na Kakuma ikabaki nyuma yao ndani ya vumbi.

SAA SABA NA NUSU

Lami ilikuwa visiwa. Riek aliruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na pale ambapo hakukuwa na kisiwa alishuka kando kwenye changarawe. Mawe yalipiga chini ya gari. Hamsini za mbele zilimeza kila kitu. Nyuma, arobaini na tano zililia.

Nabei alifungua mfuniko wa kopo, akachungulia, akafunga. "Vumbi," alisema. "Tumehatarisha roho kwa vumbi la manjano."

"Funga mdomo kabla hujalipigia chafya," Riek alisema.

Ebenyo hakugeuza shingo. Nafasi ya tatu ya kiti cha nyuma, kati yake na Nabei, ilikuwa tupu. Lakini sponji ya kiti ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea anapokaa mjamzito wa miezi minane.

*Difu imeanza kunuka*, Akoru alisema.

"Nasikia."

"Nini?" Nabei aliuliza.

"Hakuna."

SAA NANE NA DAKIKA KUMI

Landkruza ilikuwa nyuma ya kilima chekundu, ufunguo chini ya jiwe. Ndugu yake Lomunokol alikuwa ameshaondoka na mbuzi zake. Huko nyuma kabisa, upande wa Kakuma, uzi wa vumbi ulikuwa umesimama hewani.

"Makarao," Nabei alisema. Polisi walikuwa wameshaanza kuwafuata.

"Dakika kumi na tano," Lomunokol alisema. "Fundi, pima tairi. Riek, usizime hiyo kwanza, tuhamishe vitu."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ebenyo alipiga goti kwenye gurudumu la nyuma la Landkruza. Saba hamsini kumi na sita. Raba nene, za mawe. Alijilaza chali akaingia chini ya gari kuangalia ukuta wa ndani, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko wake.

Nusu duara. Mikato miwili.

Alitambaa kwenye gurudumu la pili. La tatu. La nne. Moja ya zile alama ilikuwa na mkato wa pili uliopinda. Aliikumbuka. Siku ile Akoru alikuwa amemchekesha, mkono ukateleza.

Kando yake aliona viatu vya Lomunokol vikienda na kurudi, vimepakwa rangi. Miezi kumi na minne. Mkono begani. Tunamwibia mtu aliyekuulia bibi.

*Ziko nne*, Akoru alisema. *Zote zipo.*

Ebenyo alitoa mfukoni kile chombo kidogo cha kufungulia valvu. Alizungusha pini ya gurudumu la nyuma kulia. Alizungusha ya kushoto. Upepo ulitoka kwa kelele, lakini Subaru ilikuwa inanguruma, na upepo haukusikika. Alitia zile pini mbili kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Alipotoka, Landkruza ilikuwa imekaa chini nyuma.

"Miiba," alisema. "Mbili. Njia ya Kaikor imezimaliza."

Lomunokol aliangalia tairi, akaangalia vumbi. "Ziba."

"Na nini? Ulisema niache vyombo vyote Kakuma, nisijulikane. Tairi ya akiba ni moja."

"Subaru?"

"Twende nayo mpaka Lodwar. Tujifiche kwa watu."

"Ulisema hamsini." Lomunokol alimsogelea. "Wewe mwenyewe. Ukaniambia nisikudai hata moja."

"Nilisema ikikimbia bila kupumzika. Ngoja nipime."

Alijilaza tena, chini ya Subaru safari hii. Hapo chuma kilikuwa kinatoa mawimbi. Aliinua kiganja cha kulia akakiweka kizima kwenye nyumba ya difu.

Ngozi ilishika. Alihesabu mpaka tano, polepole, kama alivyofundishwa. Uso wake ulikuwa unatazamana na Riek aliyeinama kuchungulia.

"Bado baridi," Ebenyo alisema. "Itafika."

SAA NANE NA DAKIKA AROBAINI

Kilomita hamsini na tano. Hamsini na nane.

"Fundi, usukani unakaza," Riek alisema.

"Endelea."

"Kuna kitu kinagonga."

"Ni mawe. Endelea."

Harufu ilikuwa imejaa ndani sasa, mafuta yaliyoungua na kitu kingine chini yake. Ebenyo aliijua. Ilikuwa harufu ya tairi iliyozunguka ikiwa imepasuka, kilomita nzima, kwa sababu dereva wa ambulensi hakuthubutu kusimama. Alikuwa ameibeba puani miezi kumi na minne. Alisikia pia mlio ambao hakuwepo kuusikia, raba ikipiga fenda, pa, pa, pa, na mwanamke akihesabu kati ya uchungu na uchungu.

*Sitini na mbili*, Akoru alisema.

Barabara ilianguka kwenye laga. Mawe meusi kushoto, mawe meusi kulia, mchanga katikati. Riek alishusha gia.

Difu ya katikati ilishika.

Ilikuwa sauti moja tu, kama mlango wa chuma. Subaru iliserereka ubavu, hamsini za mbele zikilima mchanga, arobaini na tano za nyuma zikiwa zimeganda. Ikasimama. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Riek alijaribu mara tatu. Mara ya nne akaondoa mkono.

"Kalas," alisema.

Joto liliingia. Hakuna ndege aliyelia.

"Fungua mkono," Lomunokol alisema.

Ebenyo alifungua. Kiganja kilikuwa chekundu na cheupe, malengelenge yamepasuka. Riek alikiona, akatazama mbele tena.

"Ulijua," Lomunokol alisema. "Ulisema itafika."

"Na wewe ulisema ni mkubwa."

"Ni mkubwa."

"Alama ya ngamia za baba yangu iko kwa tairi zako. Zote nne."

Sauti ya Lomunokol ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi. "Yeye alisaini. Mimi nilifungua nati tu. Nilikuwa dereva wake, Ebenyo. Kila mtu alichukua kitu kwa ile yadi. Betri, dizeli, mabati. Mimi nilipewa tairi. Sikujua atakayebebwa ni Akoru."

"Ulijua atabebwa mtu."

Lomunokol aligeukia kiti cha nyuma. "Nabei. Mpige."

Nabei alitoa magazini, akashuka, akaiweka bunduki juu ya jiwe jeusi. Akakaa kando yake. "Bunduki ni ya serikali," alisema. "Wacha ikuje ijichukulie."

Lomunokol alitoa bastola yake. Vumbi la makarao lilikuwa limefika ukingoni. Akaangalia Ebenyo, akaangalia vumbi, akachagua kopo. Alikimbia juu ya laga, viatu vyake vizuri vikizama. Makarao walimpigia kelele mara moja. Aligeuka na bastola mkononi.

Risasi ilimpata pajani, juu kabisa. Kopo liliruka, mfuniko ukafunguka, na dhahabu ya wiki mbili ikamwagika kwenye mchanga wenye rangi yake.

SAA KUMI NA NUSU

Makarao sita walikuwa wamepiga magoti wakichekecha mchanga kwa kofia zao. Mkubwa wao alikuwa amepata amri kwenye redio. Dhahabu kwanza. Walipochoka kuchekecha, waliondoka na kopo, na Nabei, na Riek, upande wa Kakuma. Lomunokol walimwacha. Damu nyingi, walisema, itaharibu viti. Ambulensi ya Lodwar imeshaitwa. Walimwacha na askari mmoja kijana jina lake Lomuria, redio, na Ebenyo mwenye pingu, maana gari lilikuwa limejaa.

Ebenyo aliketi mchangani. Kichwa cha Lomunokol kilikuwa karibu na goti lake. Hakukiweka hapo, na hakukiondoa.

"Inakuja?" Lomunokol aliuliza.

"Uliza yadi yako."

Lomuria aliita tena kwenye redio. Sauti ya upande wa pili ilikuwa inatafuna kitu. Ambulensi ipo. Dereva yupo. Lakini gari iko juu ya mawe. Haina tairi tangu wiki jana.

Askari alishusha redio taratibu. Lomunokol alifunga macho. Kile kitambaa walichomfunga pajani kilikuwa kimeshabadilika rangi.

*Hapa ndipo nilipolala*, Akoru alisema. *Jiwe hili hili.*

Ebenyo alikaa na hilo. Jua lilikuwa linasogea kwenye mawe. Alikuwa ameingoja siku hii, na ilikuwa imekuja kama alivyoomba, na mtu pale chini alikuwa anapumua kwa mkato, vile vile, kama yule mwingine alivyopumua.

Alinyoosha mikono yenye pingu, akafungua kifungo cha mfuko wa shati kwa kile kiganja kibichi. Akatoa pini mbili za valvu.

"Afande," alisema. "Kilomita kumi na nane nyuma, kwa kilima chekundu, kuna Landkruza. Tairi nne nzuri. Saba hamsini kumi na sita, ni saizi ya ambulensi. Hazina panchari. Rudisha pini hizi, jaza upepo. Wapeleke Lodwar wafunge. Hata hiyo Landkruza yenyewe inaweza kumbeba huyu. Waambie wenzako waichukue sasa."

Lomuria alizichukua pini, akaziangalia mkononi mwake. Akaita kwenye redio. Alieleza vizuri, polepole, mara mbili. Akasikiliza.

"Wanasema hiyo gari sasa ni ushahidi," alisema. "Haiguswi mpaka isainiwe."

"Nani anasaini?"

Lomuria alilitaja jina la mkubwa wa usafiri.

"Anapatikana?"

"Wanasema ametoka. Jaribu kesho."

Ebenyo alitikisa kichwa. Goti lake lilikuwa limelowa damu. Lomunokol alifungua macho, akatazama barabara ya Lodwar ilipoinuka nyeupe kutoka kwenye laga, kisha akatazama hapo kando ya fundi, mahali palipokuwa tupu. Macho yake yalibaki hapo, yakapanuka.

"Huyo ni nani amekaa hapo?" aliuliza.